Sinia la Watu wa Nyali

Ukitaka kumuudhi Mpishi, ulikuwa umrudishie chombo chake kitupu. Alikipokea, akakitazama ndani, akakipindua aangalie na chini, kisha akasema kwa upole, "Haya, ahsante. Yaonekana kwenu mwaka huu mvua haikunya." Maneno hayo yalifika mwisho wa mtaa kabla yako. Sisi majirani zake wa Jomvu Kuu tulijua sheria: sahani ikija na samaki, irudi na ndimu; ikija na kaimati, irudi hata na chumvi iliyokunjwa kwenye karatasi. Chombo hakirudi kitupu. Siku moja mamangu hakuwa na kitu ndani, wallahi hata unga, akang'oa mchaichai uani akautia kwenye sahani, akanituma. Mpishi aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akasema leo chai yake itakuwa chai.

Mpishi ndilo jina alilojulikana nalo, mtaani na mbali ya mtaa. Arusi zote za kwetu alipika yeye, na hitima, na maulidi. Na siku nne za wiki alipanda magari mawili kwenda Nyali, kwenye nyumba moja kubwa, akapika huko tangu asubuhi mpaka alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono iliyoungua ungua, na ulimi wake nao ulikuwa umeungua. Hakuwa na subira na mtu mvivu, wala na mtu anayejidai mgonjwa, wala na bwana arusi anayeuliza nyama ilikuwa kilo ngapi.

Akipika pilau haonji. Alisema kuonja ni wizi uliopata ruhusa. Aliinama, akatega sikio karibu na sufuria, akasikiliza maji yanavyokwisha. "Mchele hunena," alisema. "Ukinyamaza, palia makaa juu ya kifuniko." Tukimwuliza chumvi ameijuaje, alituambia mkono wake una akili kuliko vichwa vyetu. Na baada ya kuwalisha watu mia tatu biriani, yeye alikwenda kwake kula sima na mboga ya mchunga na kipande cha papa mkavu. Biriani, alisema, ni kazi, na mtu hali kazi yake.

Alikuwa na maneno ya kila aina, na mengi hayakuwa mazuri. Mwenye kusema sana alimwita sufuria ya uji. Mamangu, ambaye walipendana sana, aliwahi kunyamaziana naye miezi minne kwa sababu ya ukuta wa uani, na katika miezi hiyo sahani ziliendelea kwenda na kurudi, zimejaa, bila salamu. Mimi ndiye niliyezibeba. Labda ndipo nilipojifunza kupeleka vitu vya watu bila kupeleka maneno yao.

Nyumba ile ya Nyali niliijua vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyeniingiza. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani mwaka mzima nikihesabu vigae, ndipo Mpishi akamwambia yule mama mwenye nyumba kwamba jirani yake ana mtoto amesoma, atawafaa watoto kwa masomo ya jioni. Yule mama alikubali palepale. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii humtafutia ubaya ambao hakuwa nao. Mpishi alipovunjika kifundo cha mguu ni yeye aliyelipa hospitali. Mamake mzazi alizaliwa Kisauni, akala wali wa sinia kama sisi. Lakini yeye alizaliwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule mtu akiukuta umeshajengwa hauoni tena.

Mwaka mmoja alimpa Mpishi friji yake ya zamani. Gari liliifikisha mwisho wa barabara, vijana wanne wakaibeba vichochoroni, mtaa mzima ukatoka kutazama. Mpishi hakuiwasha hata siku moja. Stima yetu ni ya kununua kidogo kidogo, tokeni ya leo haifiki kesho kutwa, na friji ile ilikuwa inakula. Akaifanya kabati. Mchele akauweka juu panya wasifike, nguo za kutokea katikati, na karatasi zote za maana, vyeti vya watoto na hati ya kiwanja, kwenye droo ya mboga. Yule mama alipomwuliza kama friji inafanya kazi, alijibu, "Yafanya sana, mama," na hakusema uongo. Nilikuwepo siku yule mama aliposimulia rafiki zake kwamba sasa mpishi wake anaweza kununua nyama ya wiki nzima akaihifadhi. Nyama ya wiki nzima, Jomvu Kuu. Mimi nilikuwa mezani na daftari la hesabu la mtoto wake, nikatabasamu kama waliotabasamu.

Siku nyingine alimwuliza mbona hamnunui mchele gunia zima, kwani ukilinganisha ni rahisi kuliko kununua kwa kibaba. Aliuliza kwa nia njema, amefikiri kweli, kama mtu aliyepata dawa. Mpishi alimpa jibu fupi. Jioni alitusimulia barazani kwa mamangu.

"Nimemwambia sina pa kuliweka."

"Na mbona hukumwambia sina cha kulinunulia?" mamangu akamwuliza.

"Angetoa mkoba. Mimi sitaki mkoba, nataka aelewe."

Mamangu akasema kuelewa hakupikwi.

Yule mama alikuwa na desturi ya kumpa chakula kilichobaki, kwenye mikebe ya aiskrimu. Mpishi aliiosha mikebe ile kwa majivu na ndimu, akairudisha, na kila mmoja una kitu: kaimati, ukwaju, maembe mabichi yaliyotiwa pilipili, mara moja pweza mkavu aliyemtafuta siku mbili. Aliiweka juu ya meza ya jikoni asubuhi bila kusema, kama inavyopasa. Vyote vilikwenda kwa askari wa lango. Yule mama aliniambia siku moja, "Hebu mwambie asijisumbue, masikini. Mikebe ile ni ya kutupa." Sikumwambia. Nilijiambia namsitiri. Akaendelea kuirudisha imejaa miaka na miaka, na askari akanenepa.

Nikumbuke pia mlango. Mlango wa jikoni wa nyumba ile bawaba zake zilikuwa zimelegea. Ukiufunga, unarudi wenyewe kiasi cha vidole vitatu. Mpishi alisema mara nyingi utengenezwe, moshi wa vitunguu unaingia sebuleni. Yule mama alisema fundi atakuja, na fundi hakuja, maana aliyekuwa na haja naye alikuwa Mpishi peke yake. Kwa ufa ule Mpishi alijua kila kitu: nani amegombana na nani, nani anaringiwa, nani anakuja kukopa akiwa amevaa saa ya dhahabu. "Matajiri hawanong'oni," alisema. "Hawadhani jikoni kuna masikio."

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemchora nusu. Mpishi naye hakuwaelewa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mwenye nacho hana la kulilia. Yule mama alipomwajiri mtu wa kumpangia chakula ili apungue mwili, Mpishi alituvunja mbavu. "Yuwalipa mtu amfundishe njaa. Angekuja kwangu ningemfundisha bure." Tulicheka mpaka tukashika kuta. Kisha kulikuwa na wiki moja yule mama alilia, siku tatu mfululizo, chumbani, sauti inasikika mpaka jikoni. Mpishi alilisimulia hilo kwa sauti ile ile ya mzaha. "Alia nini, na friji zote mbili zimejaa?" Baadaye sana nilikuja kujua kwamba alikuwa amepoteza mimba ya miezi mitano, na katika vyumba saba vya nyumba ile hapakuwa na mtu wa kumshika mkono. Mpishi alikuwa amezika wawili wake mwenyewe. Angejua la kusema. Hakuambiwa, naye hakuuliza, akamaliza kukatakata vitunguu akaenda zake.

Na kulikuwa na mzee wa mkokoteni. Huyu alimletea maji mitungi sita kila siku, kwa miaka nisiyoweza kuihesabu. Alikuwa mtu wa bara, amepanga chumba milango minne kutoka kwetu. Alimimina maji kwenye pipa la uani, akapewa chai kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini nje, kikombe chake peke yake, akanywa amesimama. Nilimwuliza Mpishi mbona siku ya Idi sahani haziendi kwa mzee yule.

"Yule ni wa maji tu," akasema.

"Lakini ni jirani."

"Jirani ni mtu unayejua kwake ndani."

"Na wewe kwake hujaingia."

"Ehe. Si ndiyo nasema?"

 Na mimi mwenyewe nilimwita Maji, kama jina.

Sasa nifike kwenye arusi, maana yote hayo nimeyaleta ili nifike huko, na nimekuwa nikichelewa kwa makusudi.

Mpishi alikuwa na binti mmoja aliyebaki. Alipochumbiwa, mama mtu alianza maandalizi kama serikali. Alipaka chokaa chumba cha mbele. Alinunua mkeka mpya. Akaagiza kwa msusi kawa mpya, kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula, chenye nakshi nyekundu na zambarau, akatuonyesha kabla ya kutuonyesha nguo za bibi arusi. Kawa hiyo, alisema, ni ya sinia la watu wa Nyali.

"Nimepika akika za watoto wao," aliniambia. "Nimepika arusi ya dadake. Nimepika hitima ya babake, nikalia nikipika. Miaka kumi na tisa nawalisha, na hawajatia tonge mdomoni kwangu. Siku hiyo watakaa hapa," akapiga mkeka kwa kiganja, "wale kwa mikono, niwaone. Wakija, nitajua nilikuwa mtu wa nyumba ile. Wasipokuja, basi nilikuwa mwiko."

Kwetu kualika hakutumwi kwa simu. Unakwenda mwenyewe, mguu kwa mguu, umevaa, unapiga hodi, unakaa, unakunywa japo maji, kisha ndipo unalisema neno lako. Ukialikwa hivyo hukosi ila uwe kitandani. Mpishi alichagua siku ambayo si ya kazi. Alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akafika kwenye lango la mbele. Askari akamwambia leo si siku yako. Akajibu, "Leo nimekuja kwa miguu yangu." Mimi nilikuwa ndani nafundisha, nikamwona akiingia kwa mlango wa sebuleni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Alikaa ukingoni mwa kochi jeupe, mikono mapajani.

"Mama, nimekuja kuwaita. Ijumaa mwanangu yuwaolewa. Nawataka nyote, wewe na watoto. Mje mle kwangu."

"Mashallah," yule mama akasema. "Hongera sana. Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii, baada ya swala."

"Tutaona, inshallah. Umefanya vizuri kuniambia mapema."

Mpishi alisema ahsante, akangoja kidogo, kisha akasema atapita jikoni anywe maji. Aliondoka, na mlango ukajifunga, ukarudi vidole vitatu.

Yule mama akanigeukia. Alishusha sauti, lakini si sana. "Wewe ni mtu wa huko. Hebu niambie, ametaka nini hasa? Wanataka mchango wa kiasi gani?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: hataki mchango, anataka uje. Ilikuwa mdomoni. Lakini nikaona kichochoro chetu, mfereji wa maji machafu, choo cha nje chenye pazia la gunia. Nikamwona yule mama ameshika buibui lake lisiguse ukuta, na kwetu ni mlango wa pili, na mamangu angemkaribisha ndani aone tunavyokaa. Mumewe alikuwa amesema atanitafutia nafasi kwenye ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini. Na nitasema lingine, la aibu zaidi: nilidhani pia kwamba pesa zitamfaa zaidi. Mimi, mtoto wa mtaa ule, niliyebeba sahani zile kwa mikono yangu, nilidhani maskini akikuita arusini anakuonyesha mfuko.

"Chochote, mama," nikasema. "Watafurahi na chochote."

"Kwa hivyo si lazima niende?"

"Si lazima. Ni desturi tu ya kusema."

Alipumua, kama aliyetuliwa mzigo. Akaleta bahasha na kalamu, akatia alichotia, akaifunga. Kisha kalamu ikasimama. "Jina lake hasa nani?" akauliza, na akacheka kidogo kwa haya. Watoto walikuwa wananitazama. Nikaichukua kalamu nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa ubaoni: Mpishi.

Ijumaa ile nyumba ilifurika. Mpishi alikuwa amepika mwenyewe arusi ya mwanawe, tukimkataza, akisema nani mwingine. Masinia yalitoka, watu wanne wanne, wakaosha mikono, wakala. Moja lilikuwa chumba cha mbele, juu ya mkeka mpya, limefunikwa kawa, na hakuna aliyeruhusiwa kulikaribia. Mimi nilikuwa nashika birika la kunawisha. Kila nikipita aliniuliza kwa chini.

"Yuwaja?"

"Labda njiani kuna msongamano," nikasema.

Saa tisa alikuja dereva, peke yake, na kreti moja ya soda na ile bahasha. Mpishi aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza, "Wazima huko?" Dereva akasema wazima, mama amesema hongera, ana mkutano. Akamlisha dereva, akamjazia mkebe wa kwenda nao, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akarudi akaketi karibu na sinia lile na hakulifunua. Wageni walianza kuaga, wakampita wakimpa mkono, naye akiitikia dua za kila mmoja vizuri sana.

Karibu na magharibi, watu wameshatoka, mzee wa mkokoteni alifika na mitungi ya kuoshea vyombo. Mpishi alimsikia uani. Akamwita ndani. Mzee akasimama kizingitini, akasema miguu yake ina matope. "Ingia," Mpishi akasema. "Kaa hapo." Akafunua kawa, akamnawisha mikono mwenyewe. Mzee alikula kimya, upande mmoja tu wa sinia, akiacha pande tatu kama alivyozikuta. Alipomaliza akasema, "Ahsante mama. Kumbe ndani ni kukubwa hivi." Mpishi akamwuliza jina lake. Akamwambia. Kisha Mpishi akaingia chumbani akafunga mlango, na sisi tulioko nje tulianza kupanga vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu alikwenda kazini. Yule mama akamwuliza, "Bahasha ilifika?" Akajibu, "Ilifika mama, Mungu akuzidishie." Akapika miaka mingine mitatu, mpaka miguu ilipokataa. Tofauti niliiona mimi tu: mikebe ya aiskrimu aliacha kuichukua. Alisema siku hizi anakula kidogo. Yule mama alinionyesha jinsi alivyofurahi kwamba hatimaye maisha ya Mpishi yamekuwa mazuri, hahitaji tena mabaki.

Mimi nafasi ya ofisini niliipata. Nimeolewa, nimehama, na sasa nakaa Nyali, si kwenye jumba, kwenye ghorofa, lakini lango lina askari. Nyumba tulipomaliza kuilipa tukataka kuisomea dua. Nikamwambia mume wangu kwamba watu wa Jomvu Kuu nitawaita mwenyewe, mguu kwa mguu, na wa kwanza ni Mpishi. Mamangu alishatangulia mbele ya haki, na niliona nikimweka Mpishi kwenye kiti cha mamangu siku ile, mambo yatakuwa yamekaa sawa. Sikujiuliza mambo gani. Nilijaza kikapu: mchele wa pishori, sukari, tende, leso mbili. Nikaendesha, nikapita Mikindani, nikaacha gari mwisho wa barabara.

Nilimkuta amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, macho yameingia ukungu. Binti yake, yule aliyeolewa, alikuwa amerudi kukaa naye. Friji ilikuwa palepale pembeni, imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe? Umenenepa, nasikia mkeka ukilalamika."

Tukacheka. Nikaletewa kahawa chungu. Nilimwuliza miguu, akaniuliza watoto. Nikaona ni wakati, nikasema kama alivyosema yeye siku ile, maneno yale yale nadhani, kwa kuwa sikujua mengine.

"Mama, nimekuja kukuita. Ijumaa twasoma dua ya nyumba. Nakutaka uje. Si kupika. Ukae, ule kwangu. Nitakuja kukuchukua kwa gari."

Alipapasa mkeka kwa kiganja, polepole, kama anayetafuta punje iliyomwagika.

"Ulimwengu huu," akasema. "Na wewe umekuwa na kwako huko. Alhamdulillahi. Mimi siji, mwanangu. Lakini nitaleta chochote. Mtafurahi na chochote, sivyo?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nilikitazama.

"Mlango ule wa jikoni," akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "hawajautia bawaba?"

"Mama, mimi siku ile..."

"Kunywa kahawa, itapoa."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mwalimu," akasema. "Yule mama sikumlaumu. Hakujua. Mtu hawezi kulaumiwa kwa asichokijua, na mimi mwenyewe nina yangu ambayo sikuyajua, na mzee wa maji amekufa sijamlipa. Lakini wewe ulijua. Katika nyumba ile nzima wewe peke yako ulijua."

 Nilikunywa kahawa mpaka kwenye machicha. Alibadilisha mazungumzo yeye mwenyewe, kwa adabu, akaniuliza bei ya samaki huko kwetu, akasikitika ilivyo juu. Nilipoaga alinishika mkono akaniombea dua, ndefu, ya kweli, akataja na watoto wangu kwa majina yao. Kisha akamwambia binti yake avitoe vitu kwenye kile kikapu, na yeye mwenyewe akainuka, akishika ukuta, akaielekea friji.

Binti yake alinifuata na kikapu mpaka kwenye gari. Kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe, kimechomekwa pembeni. Nilipokiona hivyo moyo ukanitulia. Nikajiambia chombo hakikurudi kitupu, basi tungali majirani. Nikadhani ni ndimu. Nikakiweka kiti cha pili, nikaendesha mpaka Mikindani, na pale nilishindwa kungoja, nikasimama kando ya barabara nikafunua.

Ndani kulikuwa na bahasha. Imekuwa ya manjano, inanuka mchele wa kabatini, na gundi yake haijaguswa. Juu yake, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, imeandikwa Mpishi. Na jina lake nilikuwa nikilijua, na la mamake, na la nyanyake.